Mshauri wa wawekezaji alianzia wapi? Soma historia ya kazi kabla hujasoma ahadi



Wiki mbili hizi inbox imejaa meseji zinazofanana. Mmoja anauza mikoba Mbeya, mwingine anauza dagaa wa Mwanza kwenye status, mwingine vitenge na madera. Wote wameletewa PDF ya "kampuni ya mitaji" inayotaka kuingiza hela kwenye biashara zao. Na karibu kila PDF ina ukurasa wa picha za watu waliokunja mikono na kutabasamu, juu yake pameandikwa "washauri wetu". Huyu mwanzilishi wa kampuni ya teknolojia, huyu alikuwa mkuu wa kitu fulani. Mnachoniuliza ni kimoja: hawa watu ni kina nani, na picha zao zinanihusu nini mimi ninayeuza dagaa?

Swali hilo na mimi linanibana. Huku Matombo tuko wauzaji sita, tunauza viungo vya mlimani kwa ukurasa mmoja: karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki. Mzigo unashuka Morogoro mjini, unapanda basi Msamvu, unafika kwa mteja Dar. Mwezi huu tumeletewa ofa ya milioni 6 kwa asilimia 40 ya biashara, jibu linatakiwa kabla ya tarehe 30. Kwenye PDF yao kuna washauri wanne. Kwa hiyo nimekaa na simu usiku, bando limekata mara tatu, nikisoma washauri na wakuu wa mifuko ya mitaji ya kweli kabisa, yenye majina yanayojulikana, walitoka wapi. Sijasomea fedha, shule niliishia kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kuuza. Nitaeleza kama nilivyoelewa.

Tuanze na mfuko wenyewe, maana wengi tunauchanganya na benki.

Benki inakukopesha, unarudisha na riba, mnaachana. Mfuko wa mitaji haukopeshi. Unakusanya hela za watu na taasisi zenye uwezo mkubwa, halafu unanunua hisa kwenye kampuni changa nyingi kwa mpigo. Wakuu wa mfuko kwa kawaida wanalipwa kama asilimia 2 ya hela za mfuko kila mwaka kuendesha kazi, na faida ikipatikana wanachukua kama asilimia 20 yake. Faida inakuja pale kampuni inaponunuliwa na kampuni kubwa au inapoingia soko la hisa, na hiyo inaweza kuchukua miaka 10. Wanajua kabisa kwamba kampuni nyingi walizoweka hela zitakufa. Wanachotafuta ni moja au mbili zitakazokua mara mia, zilipe hasara ya zote.

Shika hapo, kwa sababu ushauri wao wote unatoka hapo. Mtu ambaye hesabu yake inahitaji ukue mara mia hawezi kukushauri ukue taratibu. Sio kwamba ana roho mbaya. Hesabu yake ndo inavyotaka.

Ndani ya mfuko kuna watu wa aina mbili, na kwenye picha wanafanana. Kuna wabia, hao ndo wanaamua hela iende wapi. Na kuna washauri. Mshauri anaweza kuwa anapigiwa simu mara mbili kwa mwaka. Kazi yake ni kuangalia kama teknolojia ya kampuni fulani ina kichwa na miguu, kuunganisha watu, na, tuseme ukweli, kukopesha jina lake ili mfuko uonekane una watu wazito. Jina la mshauri kwenye PDF halimaanishi ameweka hata buku yake humo. Halimaanishi hata kwamba amewahi kusikia jina la duka lako.

Sasa twende kwa watu.

Mwaka 2012 Nairobi ulianzishwa mfuko unaoitwa Savannah Fund. Nimeuanza huo kwa sababu mmoja wa waanzilishi wake ni Mtanzania, Mbwana Alliy. Yeye alisoma Bristol, Uingereza, akaenda kuchukua shahada ya biashara Stanford kule California, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi upande huu wa dunia na kusema kampuni changa za kwetu zinaweza kuwekewa hela. Wenzake wawili ni Erik Hersman na Paul Bragiel.

Hersman ni Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya. Alikuwa anaandika mtandaoni kuhusu teknolojia ya Afrika miaka ambayo wengi wetu tulikuwa tunatumia simu za tochi. Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, yeye na Wakenya wenzake akina Ory Okolloh, Juliana Rotich na David Kobia walitengeneza Ushahidi, programu ambayo mtu alituma taarifa kwa meseji au mtandao na tukio likaonekana kwenye ramani. Ilitengenezwa kwa siku chache tu. Baada ya hapo Hersman alianzisha iHub mwaka 2010, sehemu ya vijana wa programu kukutana Nairobi, na baadaye BRCK, kifaa cha intaneti kinachohimili umeme wa kukatika katika.

Bragiel ni mwanzilishi wa kampuni za mtandao aliyegeuka mwekezaji. Kuna kitu kimoja kwenye historia yake kilinichekesha usiku ule: alijaribu kufuzu Olimpiki ya majira ya baridi ya 2014, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kwa jezi ya Colombia. Hakufuzu. Lakini unamwona ni mtu wa aina gani. Anaweza kuacha kila kitu akafukuzie jambo ambalo watu wanamwambia haliwezekani. Mtu wa hivyo akikushauri, ujue atakushauri kwa moyo huo huo, na wewe una watoto wa kulipia michango ya shule.

Sasa weka watatu hao pamoja. Mmoja anajua kampuni kubwa zinavyofanya kazi ndani. Mmoja anawajua watengeneza programu wa Nairobi kwa majina. Mmoja anajua wenye hela wa California wanataka kusikia nini. Ukiwa na kampuni ya programu Nairobi mwaka 2012, hao ni watu wa kukufaa kweli kweli. Ukiwa unauza karafuu? Subiri, tutafika.

Masharti yao ya mwanzo yalikuwa wazi: dola 25,000 kwa asilimia 15. Hapa nataka kila muuzaji atoe kikokotoo. Chukua hela wanayokupa, gawa kwa asilimia wanayotaka. 25,000 gawa kwa 0.15 unapata kama dola 166,700. Maana yake wamesema kampuni yako yote, pamoja na hela waliyoleta, ina thamani hiyo. Na kwa sisi Matombo: milioni 6 gawa kwa 0.40 ni milioni 15. Kumbuka hiyo milioni 15.

Turudi kwa Ory Okolloh kidogo, maana njia yake ni tofauti. Yeye ni mwanasheria aliyesoma Harvard. Mwaka 2006 alianzisha na mwenzake Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge wa Kenya wanafanya nini bungeni. Ukaja Ushahidi. Akaenda Google kushughulikia sera za Afrika, akaenda Omidyar Network, na baadaye akawa mbia kwenye mfuko wa mitaji wa Verod-Kepple Africa Ventures. Alichobeba ni kujua sheria, serikali na taasisi. Kama biashara yako inagusa leseni, kodi au mamlaka za serikali, mtu wa historia hiyo ana thamani kuliko milionea wa programu. Wengi tunadharau wanasheria mpaka siku mkataba unaposomwa.

Wa kwetu Dar yuko Jumanne Mtambalike wa Sahara Ventures. Kabla ya hapo alikuwa Buni Hub, ile sehemu ya vijana wabunifu ndani ya COSTECH. Yaani njia yake ilikuwa kukaa na vijana wenye mawazo, siku baada ya siku, kabla ya kuitwa mshauri. Historia kama hiyo haina kelele, ila ukitaka kujua vijana wa Tanzania wanakwama wapi, ni huko wanakokwama.

Nimetaja wasomi wengi sasa, Harvard, Stanford. Najua kuna msomaji ameshasema moyoni "hizi habari sio zetu". Subiri nikuletee Njeri Rionge.

Njeri alikuwa Mkenya. Akiwa na miaka 19 alikuwa anauza mtindi kwa wanafunzi wa sekondari Nairobi, mzigo ukiwa kwenye buti la gari la rafiki yake. Akafanya kazi za saluni pia. Akawa anasafiri kuleta bidhaa kutoka London na Dubai, anauza. Ukisoma mpaka hapo unasema huyu ni sisi kabisa, kasoro status ya WhatsApp. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati intaneti Kenya ilikuwa ya ofisi kubwa na matajiri, akawa mmoja wa waanzilishi wa Wananchi Online, kampuni iliyotaka kuipeleka kwa watu wa kawaida. Kampuni ile ilikuja kuwa kubwa Afrika Mashariki. Yeye akaanzisha biashara nyingine, ikiwemo sehemu ya kulea wajasiriamali wachanga.

Mimi ningepewa kuchagua mshauri kati ya wote niliowataja, ningemchukua huyu. Alijua mtindi unaharibika. Alijua mteja akisema "nitakulipa jioni" maana yake nini. Halafu pia alijua kukaa meza moja na wenye mamilioni. Watu wenye vyote viwili ni wachache, na ukikutana na mtu wa hivyo usimwache aondoke hujamuuliza kitu.

Mwingine aliyeanzia kwenye kuuza ni Ashish Thakkar wa Uganda. Familia yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine. Yeye alizaliwa Uingereza mwaka 1981, wazazi wakarudi upande huu, wakajikuta Rwanda mwaka 1994 wakati wa mauaji ya kimbari, wakapona. Walianza upya Kampala. Akiwa na miaka 15 aliacha shule, akakopa dola 5,000, akafungua kiduka cha kompyuta. Alikuwa anapanda ndege wikiendi kwenda Dubai kununua vifaa, anarudi kuuza Kampala. Ndo ikazaliwa Mara Group. Akawa mtu wa kualikwa kwenye kila mkutano wa wajasiriamali duniani, akaongoza baraza la wajasiriamali la UN Foundation, akaanzisha mfuko wa kusaidia biashara changa.

Lakini soma historia mpaka mwisho, usiishie kwenye kiduka. Mwaka 2013 alianzisha pamoja na Bob Diamond, aliyekuwa mkuu wa benki ya Barclays, kampuni ya Atlas Mara ya kununua benki za Afrika. Iliingia soko la hisa la London kwa kishindo. Haikufika walikotangaza, na ikaishia kuuza benki zake. Mwaka 2019 walizindua viwanda vya simu za Mara Rwanda na Afrika Kusini, na kile cha Afrika Kusini hakikudumu. Simsemi vibaya, aliyejaribu makubwa huanguka makubwa. Ninachosema ni kwamba mwanzo mzuri wa mtu ni habari ya kweli, na miaka 10 ya mwisho ni habari ya kweli vilevile. PDF nyingi zinakupa mwanzo tu.

Sasa Marekani, kwa sababu huko ndo mtindo huu ulikoiga sura yake.

Kuna mtu anaitwa Paul Graham. Ana shahada ya udaktari ya kompyuta ya Harvard, halafu akaenda kusomea uchoraji, mpaka Florence, Italia, akishika brashi. Mwaka 1995 yeye na rafiki yake Robert Morris walikuwa na wazo la kuweka majumba ya sanaa kwenye intaneti. Wenye sanaa hawakutaka. Walikuwa wanawauzia watu kitu wasichokihitaji. Wakageuza wazo, wakatengeneza Viaweb, programu ya kumwezesha mfanyabiashara mdogo kufungua duka mtandaoni bila kujua kuandika programu. Mwaka 1995! Na mwanzoni, ili kuwapata wateja, walikuwa wanawatengenezea maduka wao wenyewe, kwa mkono, duka moja moja. Kwa kufanya hivyo walijifunza wauzaji wanataka nini. Mwaka 1998 Yahoo wakainunua.

Mwaka 2005 huyo Graham, pamoja na Jessica Livingston, Morris na Trevor Blackwell, walianzisha Y Combinator, mahali pa kuzipa kampuni changa hela kidogo na ushauri mwingi. Mwanzoni ilikuwa kama dola 6,000 kwa kila mwanzilishi. Zikatoka Reddit, Dropbox, Airbnb. Na mwaka 2019 akaingia Mtanzania, Benjamin Fernandes, na kampuni yake ya NALA. Wengi mnamkumbuka Benjamin kama mtangazaji wa TV akiwa kijana mdogo. Alisoma Marekani, akamalizia Stanford, akaja na programu ya kulipa kwa simu, baadaye akahamia kwenye kutuma hela kutoka nje kuja Afrika. Mwaka 2024 kampuni yake ilipata dola milioni 40 kutoka kwa wawekezaji.

Angalia kilichompata Graham kinavyoonekana kwenye ushauri wa Y Combinator mpaka leo. Ongea na wateja. Fanya kwa mkono kwanza. Usijenge kitu ambacho hakuna anayekitaka. Huo sio ushauri wa kitabuni, ni makovu ya majumba ya sanaa. Ushauri wa mtu ni historia yake ya kazi imevaa nguo nyingine. Ukijua alikoumia, utajua ushauri wake upi ni mzito na upi anaongea tu.

PayPal ni mfano mwingine, na nitaupitia haraka. Ilikua sana kwa sababu ya wauzaji wadogo wa eBay waliohitaji kulipwa na watu wasiowajua, shida yetu sisi kabla ya lipa namba. eBay ikainunua mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5. Waliokuwa wafanyakazi wakatawanyika wakawa wawekezaji na washauri kila kona. Mmoja ni Roelof Botha, kijana wa Pretoria aliyesomea hesabu za bima Cape Town, akawa mkuu wa fedha PayPal, na 2003 akaingia Sequoia, moja ya kampuni kubwa kabisa za mitaji, akaiwekea hela YouTube ikiwa bado changa. Mtu wa hesabu za hatari akageuka mtu wa kuchagua hatari. Inaeleweka kabisa.

Ila kwenye habari ya PayPal kuna jambo la kuliangalia: walikuwa wanajuana. Washauri wengi wa mfuko mmoja hutoka kampuni moja au chuo kimoja. Ukiona washauri wanne wote wametoka sehemu moja, huna washauri wanne. Una mmoja aliyerudiwa.

Haya, sasa karafuu.

Nilipeleka ile PDF kwa mjomba, maana eneo tunaloanikia ni la ukoo. Sisi Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba, kwa hiyo hakuna mkataba unaopita bila yeye. Nikamsomea washauri wanne: mtaalamu wa sarafu za mtandaoni, mfanyakazi wa zamani wa benki, mhadhiri, na mmoja aliyeandikwa "ameanzisha kampuni tatu za teknolojia". Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Kati ya hao wanne, nani amewahi kukausha mdalasini mvua ikinyesha?"

Nikamwambia, "Mjomba, hakuna."

"Basi niambie wanachokijua, tuone kama kinatufaa. Usinisomee majina."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandika kwenye daftari. Tukaanza kupanga. Sisi tunakwama wapi? Kukausha wakati wa masika. Barabara ya kwenda mjini mvua zikikolea. Vifungashio vyenye nembo ya ubora ili maduka makubwa ya Dar yapokee. Wateja wanaoagiza halafu hawapokei simu. Hayo manne. Mtu wa sarafu za mtandaoni hagusi hata moja. Mhadhiri inategemea anafundisha nini, PDF haisemi, na kama ni wa mambo ya chakula au kilimo huyo ni dhahabu. Wa benki anaweza kutufungulia njia ya mkopo wa kawaida, ambao pengine ndo tunauhitaji kuliko mbia. Wa kampuni tatu nilimtafuta zaidi. Majina ya kampuni zake niliyatafuta kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, nikaona moja, mbili sikuziona. Haimaanishi ni muongo, zinaweza kuwa zimesajiliwa kwa jina jingine au nchi nyingine. Inamaanisha tu kwamba ni swali la kuuliza, na kuuliza ni bure.

Kisha hesabu. Mwaka jana sisi sita, baada ya kutoa gharama zote, tulibaki na milioni 9 na laki 6. Asilimia 40 ya hiyo ni milioni 3 na laki 8 na elfu 40. Biashara ikibaki ilivyo tu na faida ikagawanywa, milioni 6 yao imerudi ndani ya miezi kama 19, na baada ya hapo wanaendelea kuchukua mwaka baada ya mwaka. Na ile milioni 15 waliyosema ndo thamani yetu ni pamoja na milioni 6 yao. Sisi wenyewe, na ukurasa wetu wenye wateja wa kudumu, banda, mizani, na mzigo wa karibu milioni 4 uliopo stoo, tumehesabiwa milioni 9. Faida ya mwaka mmoja ni kubwa kuliko hapo.

Kwa haki yao: hisa sio mkopo. Tukianguka hawatudai, na kikundi chetu cha kuweka na kukopa hakiwezi kutoa hata milioni moja kwa mara moja. Wawili kati yetu wanataka tukubali, na sababu zao sio za kijinga. Mmoja ana mtoto anaingia kidato cha kwanza, na bila mashine ya kukaushia, masika ijayo tutapoteza mzigo tena kama masika zote.

Tulichofanya ni kuandika barua, kurasa moja, tukawatumia. Nimeweka maswali hapa mtu akitaka ayanakili na kubadilisha ya kwake.

Kati ya washauri wanne, yupi atatushika sisi, kwa jina, na atazungumza nasi mara ngapi kwa mwezi? Ameweka hela yake kwenye mfuko au hapana? Tupeni majina ya biashara tatu alizozishauri, ikiwemo moja iliyokufa, tuongee na wenyewe. Hiyo ya iliyokufa msiiache. Mwenye biashara iliyokufa hana sababu ya kumpamba mtu. Mnategemea kutoka lini na kwa njia gani: mtauza hisa zenu kwa nani, na sisi tuna haki ya kununua kwanza? Kwenye mkataba mmeandika "mali zote za biashara". Uwanja wa kuanikia na banda viko kwenye ardhi ya ukoo, viandikwe kwamba havimo. Na la mwisho, kama hamuwezi asilimia 40 iwe 15, je, mnaweza kutukopesha milioni 3 za mashine, turudishe kwa miezi 12, na huyo mshauri wa benki atusaidie kuandaa vitabu?

Hilo la mwisho alilitunga yule mwenzetu mwenye mtoto wa kidato cha kwanza.

Barua imeenda Jumatatu. Jana wamejibu kwamba mshauri wa benki yuko tayari kuongea nasi kwa simu Alhamisi saa nne. Kuhusu biashara iliyokufa hawajasema kitu. Kikao chetu ni Jumapili kwa mjomba, na mashine ya kukaushia tumeshaulizia bei Morogoro mjini kwa mafundi wawili, kwa sababu masika haisubiri mkataba.